Nakala ya Serikali

Jumatatu, 4 Machi

Kitabu hiki kilitengenezwa ili wakubwa waandike mikutano yao. Kila ukurasa una tarehe juu, na mwishoni kuna ramani ya dunia ndogo kiasi kwamba nchi nzima naifunika kwa kidole. Mkamwana wangu alipewa viwili wizarani, kimoja kaniletea. Kasema niandike kila siku nisije nikaanza kusahau majina ya watu. Nikamwambia majina nilishayasahau zamani, ninachokumbuka ni tabia zao. Basi humu nitawaita kwa tabia.

Mimi ni fundi wa kuchonga funguo. Shule niliiacha darasa la nne, au darasa la nne liliniacha mimi, tusibishane. Kibanda changu kinatazamana na kituo cha polisi, barabara tu katikati. Jirani yangu ni fundi viatu, namwita Kisigino kwa sababu kila hoja yake imelika upande mmoja. Nyumbani tuko wawili, mimi na mkamwana. Mwanangu anaendesha lori la masafa marefu na akirudi hutambulika kwa sauti, maana uso wote ni ndevu. Huyu mke wake anafanya kazi kwenye tovuti ya wizara. Yale ambayo serikali inataka tuyasome kwenye simu, yeye ndiye anayeyaweka kwa Kiswahili.

Mvua imeanza leo.

Alhamisi, 7 Machi

Mkamwana karudi na kazi mkononi. Kurasa mbili. Moja inahusu sheria ya makosa ya kompyuta, nyingine inaitwa sera ya usimbaji fiche. Nikamuuliza usimbaji fiche unampata mtu sehemu gani ya mwili.

Hakukasirika, kanizoea. Akanieleza kwamba ukituma ujumbe, simu inauvuruga njiani usisomeke, na anayeupokea ana ufunguo wa kuurudisha ulivyokuwa. Ufunguo wenyewe hauonekani, ni tarakimu tupu. Serikali inataka makampuni yenye funguo za namna hiyo yatoe nakala, ili ikitaka kusoma isome. Nikasema kumbe na serikali ina masikio marefu kama ya mama mkwe. Akasema baba, hayo usiyaseme kibandani.

Taabu yake ni kwamba bosi wake, Mkurugenzi, anamrudishia kazi kila siku. Anataka lugha nyepesi, watu hawasomi kurasa za wizara. Akanisomea aliyoandika: "Kila mmiliki wa ufunguo wa usimbaji fiche wa kidijitali atawasilisha nakala yake kwa mamlaka husika."

"Huyu Mamlaka Husika anakaa mtaa gani?" nikamuuliza.

"Ni polisi, baba."

"Si useme polisi. Na huo mkia wa usimbaji sijui nini, ukate. Mtu akifika hapo anazima simu."

Akacheka hadi akakohoa, kisha akaukata kweli. Ikabaki: "Kila mwenye ufunguo apeleke nakala yake polisi." Nikamwambia hicho ndicho Kiswahili. Nimelala nikijiona profesa.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Sikufungua.

Alhamisi, 14 Machi

Kurasa zimetoka. Mkurugenzi alizipitisha kabla ya chai, inaelekea hata hakuzisoma, kaona ni fupi akafurahi. Mkamwana kanionyesha kwenye simu, nembo ya serikali juu, maneno yangu chini. Nimesoma na ule ukurasa wa makosa. Kumbe kufungua simu ya mtu bila ruhusa yake ni kosa. Marehemu mke wangu kafa kwa wakati wake, angefungwa maisha. Kumbe pia kuweka habari ya uongo kwenye kompyuta ni kosa, jela bila faini. Nikamuuliza mkamwana na mtu akijiongezea nywele kwenye picha je? Akaniambia niende nikalale.

Jumatatu, 18 Machi

Leo mama mmoja mwenye duka la vitambaa kaleta ufunguo wa nyumba, anataka "nakala ya serikali". Nikamchongea. Nilidhani ni utani.

Jumatano, 20 Machi

Si utani. Wamepanga mstari kwenye mvua, miavuli inagombana. Wote wanataka nakala ya serikali. Wengine wana zile simu mkononi, wananionyesha ukurasa kana kwamba sijawahi kuuona: kila mwenye ufunguo. Babu mmoja kaleta na ufunguo wa sanduku la mkewe, kasema sheria haijabagua. Nimechonga mpaka mashine inanuka. Wakitoka kwangu wanavuka barabara, wanaingia polisi.

Kisigino kaleta wake pia. Nikamwambia wewe nyumba yako ina nini cha kufunga zaidi ya harufu ya gundi? Kasema hataki neno na mtu. Nikamchongea bure.

Ijumaa, 22 Machi

Nilikuwa naihifadhi habari hii kama pipi. Chakula cha jioni nikamsimulia mkamwana, mstari, miavuli, babu na sanduku. Nilicheka peke yangu. Yeye aliweka kijiko chini taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Baba, wanapeleka funguo za nyumba?"

"Za nyumba, za duka, za kabati. Mji mzima."

Akachukua simu yake. Hakufungua ukurasa wa funguo, alifungua ule mwingine, wa makosa, akanigeuzia palipoandikwa habari ya uongo kwenye kompyuta. Nikasoma polepole, nikarudia.

"Hii niliiandika mimi mwenyewe," akasema. "Kosa hili ni langu, na adhabu yake nimeitafsiri mimi."

Nilitafuta la kuchekesha nikalikosa. Haijawahi kunitokea.

Jumatatu, 25 Machi

Mkamwana kamweleza Mkurugenzi. Mkurugenzi kamsikiliza, kamshukuru, kamwambia asiguse ukurasa wala asimwambie mtu. Basi. Mkamwana anasema alikuwa mpole. Anasema upole ule ndio umemtisha.

Jumanne, 26 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mstari upo palepale.

Jumamosi, 30 Machi

Nimevuka barabara nijionee. Nilijisingizia nimepoteza kitambulisho. Kaunta anakaa Koplo, kijana mnene wa mashavu ambaye kila siku hunitania kuwa nikifa atanirithi mashine. Nyuma yake zipo ndoo za plastiki, zile za kubebea maji, zimepangwa ukutani, zimejaa funguo. Kila ufunguo umefungwa karatasi na uzi. Jina la mtaa, jina la mtu. Nilizitambua kazi zangu. Mchongo wangu naujua kama mtu anavyojua mwandiko wake, naacha jino la mwisho duara kidogo. Ndoo kwa ndoo, meno yangu.

Nikamuuliza Koplo wanafanyia nini zote hizo. Kasema hajui, wameambiwa wapokee, wanapokea. Nikasema huoni kuna makosa, hizi si zile za kompyuta? Kanitazama, akatazama mlango wa mkuu wake, akaniambia kitambulisho kikionekana watanipigia.

Usingizi umekuwa mgumu. Ufunguo wa nyumba yetu sikuupeleka, lakini sina hakika kama kutopeleka ni salama zaidi.

Alhamisi, 4 Aprili

Kisigino kachelewa kufungua leo, na yeye hachelewi. Kaja kukaa kwangu badala ya kwake. Kasema jana alirudi nyumbani, mlango umefungwa kama alivyouacha. Ndani hakuna kilichopungua. Redio ipo, godoro lipo. Mezani kikombe chake kina chai nusu, bado ya moto, na kiti kimegeuzwa kutazama mlango.

Nikamwambia labda umeanza kuzeeka, unapika chai unasahau. Nilisema hivyo ili nisikie utani unavyosikika. Haukusikika vizuri.

"Afadhali wangeiba," akasema.

Jumatatu, 8 Aprili

Leo sikuchonga. Nilibandika karatasi, mashine mbovu. Wateja wakaenda kwa mwenzangu wa sokoni. Mstari haukupungua, umehama tu.

Ijumaa, 12 Aprili

Wamemchukua Kisigino.

Jirani yake hakusikia kishindo. Mlango haukuvunjwa, hata rangi haikuchubuka. Waliingia kama watu wa nyumbani. Inasemekana alijirekodi sauti kwenye simu akiwadhihaki polisi, eti sasa wakikosa pa kulala wachague ufunguo kwenye ndoo, akaituma kwa rafiki zake, na mmoja wa rafiki zake ana rafiki. Labda ni hivyo, labda si hivyo. Mimi ninachojua ni kwamba ufunguo waliofungulia nimeuchonga mimi, na nilimwambia bure, rafiki yangu, chukua.

Mkamwana hakula. Tulikaa tunasikiliza mvua juu ya bati na kila gari lililopita tulilisindikiza kwa masikio mpaka lipotee.

Jumatatu, 15 Aprili

Kisigino karudi. Karudi miguu mitupu, fundi viatu. Sikuthubutu kutania. Kakaa kibandani kwake hajashika sindano, anatazama barabara. Nikampelekea chai, akaipokea kwa mikono miwili kama mgeni. Jioni anafunga, akaniinamia sikioni.

"Nitengenezee kitu kisichofunguliwa kwa nje."

Jumatano, 17 Aprili

Komeo ni kitu cha kijinga. Kipande cha chuma kinachoteleza kwenye pete mbili, upande wa ndani. Hakina jino, hakina nakala, wala hakihitaji fundi wa maana. Miaka yote nimekidharau kwa sababu kinaninyima riziki. Leo nimetengeneza la Kisigino na la kwetu. La kwetu nimelifunga mwenyewe mlangoni, na nilipolisukuma likalia, nikapumua.

Jumamosi, 20 Aprili

Naona Kisigino kasema kwa mtu. Wanakuja mmoja mmoja, hawataki nakala tena. Wanauliza hali, wanasifia mvua, kisha wanateremsha sauti. Makomeo nayafunga kwenye gazeti, nayaweka chini ya kigoda. Juu nachonga funguo, chini nauza dawa yake. Ninakaa nimetazamana na polisi siku nzima.

Jumatatu, 22 Aprili

Mwanasheria mmoja kasema redioni kwamba ukurasa wa wizara ni upotoshaji. Sera inahusu funguo za kompyuta, za makampuni, haihusu nyumba ya mtu. Kataka aliyeandika ukurasa ule ashtakiwe kwa sheria ileile ya kompyuta. Kakitaja na kifungu chake. Mkamwana alikuwa anapiga pasi. Hakuizima redio wala pasi, na gauni likaungua umbo la pasi kifuani.

Jumatano, 24 Aprili

Nitaandika yote.

Jana alipigiwa simu kwamba leo asubuhi afike kwa Mkurugenzi, asipitie mezani kwake. Leo kaamka mapema, kavaa, kisha nikamwona anavua hereni. Akazilaza mezani. Akavua saa, akavua mkanda, akaviweka pembeni ya hereni. Nikaelewa. Wanaopelekwa ndani hunyang'anywa vitu kama hivyo, na yeye hakutaka mkono wa mtu umguse. Akaniambia mume wake akipiga simu nimwambie yuko kazini. Akaondoka.

Nimekuwa nikitania watu tangu nina meno ya utoto. Nilikaa naangalia zile hereni nikaona utani wangu ulipofika. Nani alikata mkia wa ile sentensi? Nani aliyemwita Mamlaka Husika kwa jina lake la mtaani? Nikavaa koti langu la misibani, nikaenda wizarani.

Getini askari akaniuliza nina shida na nani. Nikasema nimeleta neno. Akauliza neno gani. Nikamwambia lilelile mnalolitafuta, mimi ndiye mwenyewe. Akaniona mzee ambaye mvua imemwingia kichwani, lakini akapiga simu. Nilishangaa waliponipandisha juu.

Mkurugenzi ni mtu mfupi, nadhifu, viatu havijawahi kuona matope. Alisimama kunipokea, akanishikia kiti. Mkamwana hakuwemo. Nikamwambia sikuja kukaa. Nikasema maneno yale ni yangu, yeye ni mwandishi tu, aliandika nilichomlisha, mimi nimeishia darasa la nne na nina mdomo mrefu. Kama kuna kufungwa, mnifunge mimi, tena sina kazi nyingi iliyobaki.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Upole wake nikauona kwa macho yangu.

"Kosa gani, mzee?" akasema. "Ile lugha ya wataalamu tuliitumia muda mrefu. Hakuna kampuni iliyoleta hata ufunguo mmoja. Kwa lugha yako watu wameleta wenyewe, mpaka wamejaza ndoo. Hatukumsukuma mtu."

Nikamuuliza na yule mwanasheria wa redioni. Kasema mwanasheria ataelewa, wameshamtembelea. Sikuuliza nani aliwafungulia mlango.

Kisha akasema mkamwana wangu ni hodari, amepandishwa cheo, yuko chumba cha pili anaanza ukurasa mwingine. Kwamba zipo taarifa, watu wanafunga milango kwa ndani na kitu ambacho hakina ufunguo. Kwamba na hicho kitawekwa kwenye makosa, kukitengeneza na kukiuza.

"Wewe ni mtu wa milango," akasema. "Mtaani wanakiitaje?"

Mikono yangu ilikuwa juu ya meza yake, na ndani ya kucha kulikuwa na unga wa chuma wa jana. Niliishusha polepole. Nikasema mimi ni wa funguo, hayo mengine nayasikia tu. Akatabasamu, akanisindikiza mpaka ngazini, akaniomba niangalie nisiteleze.

Kuanzia leo humu sitaliandika lile jina. Nitaandika kile.

Bado 24 Aprili

Karudi jioni, kaloa. Akatia ufunguo, ukazunguka, mlango ukakataa. Nilikuwa nimefunga kile. Akagonga. Nikauliza nani, akasema mimi, baba, na sauti yake niliijua, lakini nilikaa kidogo kabla ya kufungua. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Nilimuogopa. Mtu aliyepandishwa cheo anatoka chumba cha pili cha Mkurugenzi na nguo yake ileile ya asubuhi, hajaguswa, na mimi nikafikiria nani yuko nyuma yake.

Hakukuwa na mtu. Akaingia, akageuka, akakisukuma kile mwenyewe mahali pake. Akakitazama kwa muda, kidole bado juu ya chuma.

"Mimi sijui hiki kinaitwaje," akasema.

"Hata mimi," nikamjibu. "Nimezeeka, nimesahau."

Akavaa hereni zake, akatoa kazi. Wanautaka ukurasa Ijumaa. Alikuwa ameshaandika mwanzo: ni kosa kutengeneza au kuuza kizuizi cha mlango kisicho na ufunguo. Nikamwambia mama, hiyo inaeleweka hadi na kuku. Weka dawa ya kuivuruga. Akafikiri, akaandika kizuizi cha kimitambo. Nikasema ongeza. Kizuizi cha kimitambo cha upande wa ndani. Ongeza. Kisichotegemea kitambulishi cha uthibitisho. Nikamwambia na yule Mamlaka Husika mrudishe, ana zamu. Tulisukuma ile sentensi mpaka ikafika ukingo wa karatasi ikageuka, na alipoisoma yote kwa mkupuo mmoja alikosa pumzi katikati. Hapo tu ndipo alipocheka, na akajiziba mdomo haraka akitazama dirisha.

Ijumaa, 26 Aprili

Umepita. Mkurugenzi kauona mrefu, kakunja uso, lakini wakubwa wake walikuwa wanausubiri. Wamemwambia mkamwana Jumatatu aurahisishe.

Jumamosi, 27 Aprili

Kisigino kausoma wote akitembeza midomo. Kaniuliza unatuhusu? Nikasema unahusu wataalamu. Akarudi kwenye soli yake.

Mchana, mvua ikiwa kubwa na barabara tupu, Koplo kavuka peke yake. Hakutania habari ya kurithi mashine. Kasimama chini ya turubai langu, kanionyesha ukurasa kwenye simu, kidole kwenye ile sentensi, akasema mkuu wao kawaambia wakamate lakini hakuna anayejua wakamate nini. Nikamwambia hata mimi naona maneno tu. Maji yalikuwa yanamtiririka kofiani.

"Mzee, mama yangu anakaa peke yake," akasema. "Ufunguo wake umo kwenye ndoo, niliupokea mimi mwenyewe. Wenzangu wa zamu wanachota funguo bila kuandika. Nasikia una kitu."

Nilimtazama machoni nikitafuta Mkurugenzi yuko sehemu gani. Kama ni mtego, nikiinama chini ya kigoda nimekwenda, na Jumatatu mkamwana wangu naye atakwenda, maana sentensi ile ina mikono ya watu wawili. Kama si mtego, kuna mama wa watu analala na mlango ambao mji mzima unaweza kuufungua, na meno ya ufunguo wake ni yangu.

"Kinaitwaje?" nikamuuliza, kwa sauti ndogo.

"Sijui," akasema. "Kimekaa kama hakina jina."

Nikainama.

Kakiingiza ndani ya koti la sare, kafunga vifungo, kavuka barabara, kaingia kituoni. Nimefunga kibanda mapema. Sasa ni jioni. Mkamwana anaosha vyombo, mimi nimekaa na kalamu nikitazama mlango, na mvua imekatika, kwa hiyo kila hatua barabarani inasikika.